Ufunguo wa Ubao wa Matangazo: Niliyowaambia Wenyeviti Wapya wa Vijiji

Haya niliyasema mbele ya wenyeviti wa vijiji na vitongoji waliochaguliwa Novemba 2024, wajumbe wao, watendaji, na wazee wachache waliokuja kusikiliza. Wengine mvua iliwazuia, wakaniomba maandishi. Nimeyaacha yalivyotoka mdomoni. Nimepunguza tu pale nilipojirudia, maana uzee nao una mambo yake.

Mheshimiwa diwani, mtendaji wa kata, ndugu wenyeviti, mama zangu na wazee wangu. Wanaostahili shikamoo, shikamooni. Wengine, habari za asubuhi.

Mimi nilikuwa mkaguzi wa ndani kwa miaka 26, katika halmashauri mbili ambazo leo sitazitaja, kwa sababu wengi niliofanya nao kazi bado wako mezani na mimi nataka kula pensheni yangu kwa amani. Mmeniita niseme juu ya uwazi, uwajibikaji na rushwa. Maneno makubwa hayo. Nitayashusha chini mpaka yafike kwenye mifuko ya saruji na sahani za wali, maana huko ndiko nilikoyaelewa mimi.

Mwaliko ulisema saa mbili kamili. Nikafika saa mbili kamili. Kosa langu, najua saa mbili ya mwaliko ni saa nne. Basi nikapata muda wa kuzunguka ofisi hii ya kata, nikausogelea ubao wa matangazo pale nje. Wangapi mmeuona? Una fremu ya mbao, kioo, na juu ya kioo wavu wa kuku, na kufuli. Ndani kuna tangazo la chanjo ya mbwa, tangazo la mnada, na karatasi moja ya mapato na matumizi. Nikavaa miwani. Ni ya robo ya pili ya mwaka juzi. Jua limekula wino wote, zimebaki sahihi na mhuri. Nikamuuliza kijana wa bodaboda aliyeegesha pale, ufunguo anao nani? Akacheka. "Mzee, tangu nimehamia hapa sijauona ukifunguliwa."

Sasa nawauliza, ndugu wenyeviti: ubao ule ni uwazi? Mkaguzi akija, atauliza, "Mnabandika mapato na matumizi?" Mtajibu, "Tunabandika." Naye ataweka tiki. Najua ataweka, kwa sababu mimi nimeweka tiki za namna hiyo mamia.

Tushike safari, twende mbali kidogo, Uganda.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali ya Uganda iliongeza fedha za shule za msingi. Bajeti ikawa inapanda, lakini ukitazama takwimu za shule huoni badiliko la maana. Watafiti wa Benki ya Dunia wakishirikiana na serikali wakafanya jambo jepesi ambalo sisi wenye taaluma tungepaswa kuona aibu kwamba halikutujia: hawakuishia kwenye vitabu vya wizara, wakaenda shuleni. Mwaka 1996 walizunguka shule 250 katika wilaya 18. Wakachukua daftari la makao makuu, kiasi gani kilitumwa. Wakachukua daftari la mwalimu mkuu, kiasi gani kilipokelewa. Wakayaweka pamoja juu ya meza moja.

Mnajua walikuta nini? Kwa miaka ya 1991 hadi 1995, ile ruzuku iliyokuwa ya kila mwanafunzi, ukiacha mishahara, iliyofika shuleni ilikuwa wastani wa asilimia 13. Kumi na tatu! Yaani umempelekea shangazi yako gunia la mahindi, debe sita, na yeye kapokea debe moja ambalo hata halijajaa. Na huo ni wastani. Shule nyingi hazikupata chochote kabisa. Zilizopata, nyingi zilikuwa zile ambazo wazazi wake wana uwezo na wanajua mlango wa kugonga.

Je, walimu wakuu walilalamika? Wangelalamika nini? Mtu hawezi kudai kitu asichojua kuwa ni chake. Fedha iliondoka Kampala ikaingia wilayani, na wilayani ikapata shughuli nyingine. Mwalimu mkuu kule kijijini alichojua ni kwamba chaki hazipo, na kwamba serikali ni maskini.

Basi serikali ya Uganda ikaanza kuchapisha magazetini kiasi kilichopelekwa kila wilaya, mwezi kwa mwezi. Baadaye shule zenyewe zikatakiwa kubandika ukutani kilichoingia. Kufika mwaka 2001, iliyokuwa inafika shuleni ilikuwa zaidi ya asilimia 80. Kutoka 13 hadi zaidi ya 80.

Naona mzee pale anatikisa kichwa kama haamini. Una haki, baba. Wapo wataalamu waliobisha, wakasema gazeti peke yake halikufanya muujiza, kulikuwa na mageuzi mengine wakati uleule, ufuatiliaji uliongezeka, elimu ya msingi ikawa bure mwaka 1997, macho ya wengi yakawa shuleni. Mimi nakubaliana nao. Lakini kuna jambo moja katika utafiti ule ambalo silisahau: shule zilizokuwa karibu na mahali panapouzwa magazeti zilinufaika zaidi kuliko zilizokuwa mbali. Mwalimu mkuu mwenye gazeti mkononi aliweza kwenda wilayani akasema, "Hapa imeandikwa hivi, na mimi nimepata hivi." Wa mbali hakuwa na gazeti. Alikuwa na manung'uniko tu.

Nusu moja ya ukweli iko kwenye karatasi ya mtoa fedha. Nusu ya pili iko kichwani mwa mtu aliyekuwepo mahali fedha ilipotakiwa kufika. Mwizi anaishi katikati ya nusu hizi mbili. Riziki yake ni kuhakikisha hazikutani. Zikikutana, hata kwa bahati mbaya, amekwisha.

Niwape ushahidi wa nyumbani. Huu nilikuwemo mwenyewe, na simo vizuri.

Mnakumbuka mwaka 2021, fedha za UVIKO? Shilingi trilioni 1.3, mkopo kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa, na madarasa 15,000 nchi nzima. Kila mtu alijua darasa la sekondari ni milioni 20. Mwenye duka alijua, mvuvi alijua, bibi yangu asiyejua kusoma alijua. Sikumbuki wakati mwingine ambapo bei ya darasa ilikuwa mdomoni mwa kila mtu namna ile. Watu walipita penye msingi wakasimama, wakatazama, wakauliza, "Hii ndiyo milioni ishirini?" Mafundi walinung'unika kwamba wanasimamiwa na kijiji kizima.

Sasa katika shule moja kulikuwa na madarasa mawili, milioni 40, kwa utaratibu wa fosi akaunti, yaani shule inanunua vifaa na kuajiri mafundi yenyewe bila mkandarasi. Kamati ya ujenzi ipo, kamati ya manunuzi ipo, kamati ya mapokezi ipo. Hati za malipo zikaja mezani kwangu. Mojawapo ilikuwa ya vibarua wa kuchimba msingi na kusomba mchanga: watu 24, siku 12, shilingi 10,000 kwa siku. Jumla shilingi 2,880,000. Nikaipitia. Majina yapo, sahihi zipo, asiyejua kuandika kaweka dole gumba. Mwenyekiti wa kamati kasaini, mhandisi kasaini. Hesabu inajumlika. Nikaweka tiki, nikaendelea na nyingine.

Mkuu wa shule ile alikuwa mtu wa ajabu kidogo. Alikuwa na tabia ya kubandika kila kitu kwenye mlango wa stoo, hata barua za likizo. Basi akaibandika na orodha ya malipo ya vibarua, majina yote 24, kwa gundi ya ugali.

Pale shuleni palikuwa na mama lishe aliyepewa kazi ya kuwapikia mafundi na vibarua. Siku moja ameleta chakula, anasubiri sahani zirudi, akaanza kusoma ule mlango. Akasoma jina la kwanza, la pili, akafika la mwisho. Akarudi juu akahesabu kwa kidole. Ishirini na nne. Akamwita mkuu wa shule, akamwambia, "Mwalimu, mimi siku zote kumi na mbili nimepakua sahani kumi na moja za vibarua. Kumi na moja, wali na maharage, na daftari langu la madeni hili hapa. Hawa kumi na watatu walikuwa wanakula wapi?" Mwalimu akanyamaza. Yule mama akaongeza, "Au walikuwa wamefunga?"

Cheka tu, mama. Na mimi nilicheka nilipohadithiwa. Kisha nikaacha kucheka.

Watu 13, siku 12, shilingi 10,000. Piga hesabu. Shilingi 1,560,000. Mimi nina stashahada ya uhasibu, nina cheti cha ukaguzi, nina gari la halmashauri na posho ya kujikimu, na hati ile ilipita mikononi mwangu. Mama lishe, kwa daftari la madeni lenye mafuta ya kupikia kwenye jalada, alifanya ukaguzi ambao mimi sikuufanya. Kwa nini? Kwa sababu mimi nilikuwa na karatasi tu. Yeye alikuwa na sahani. Siku karatasi ilipobandikwa mlangoni, ikakutana na sahani.

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Walisema kweli, ila wao hawakukutana na mali inayoisha ikiwa na daftari safi, lenye mihuri, na mkaguzi kaweka tiki.

Niseme kidogo kuhusu hiyo tiki, kwa sababu nawaona watu wanasherehekea vitu wasivyovijua. Kila mwaka mkisikia halmashauri yenu imepata hati safi, kuna keki, kuna fulana. Ndugu zangu, hati safi ni jambo jema, lakini haina maana kwamba hakuna aliyeiba. Maana yake ni kwamba mkaguzi ameridhika kuwa vitabu vimeandaliwa kwa viwango na vinaonyesha hali ya hesabu bila makosa makubwa. Wale vibarua 13 hewa walikuwa kwenye vitabu vizuri kabisa. Shilingi milioni moja na nusu ndani ya halmashauri yenye bajeti ya mabilioni haitikisi hati. Tena Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali hawezi kukagua kila hati ya malipo nchini, anachukua sampuli. Na taarifa yake, kwa mujibu wa sheria, humfikia Rais mwisho wa Machi kwa hesabu za mwaka ulioishia Juni iliyopita. Kwa hiyo fedha iliyoliwa Julai, hoja yake ya ukaguzi mtaisikia bungeni Aprili ya mwaka wa pili yake, miezi 21 imepita. Mtendaji kahama. Mhandisi kastaafu. Kibarua hewa, kwa kuwa ni hewa, haonekani.

Ninyi mko pale siku ileile mchanga unapomwagwa. Mnaona tofauti?

Sasa tuje kwenye siri. Mwenyekiti mmoja alinifuata kabla hatujaanza, akaniuliza, "Mzee, lakini kweli kila kitu ni cha kubandika? Mambo mengine ni ya ofisi." Swali zuri, tena wakubwa zetu hulijibu vibaya.

Wangapi mnakumbuka chenji ya rada? Vijana hamkumbuki, wengine mlisomea vitabu vyake bila kujua. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 nchi yetu ilinunua rada kutoka kampuni ya Uingereza, BAE, kwa pauni milioni 28. Wapo waliosema wakati ule kwamba rada ile ni ghali mno na haitufai. Hata ndani ya serikali ya Uingereza yenyewe walikuwepo waliopinga. Lakini ni mambo ya ulinzi. Nani angeomba kuuona mkataba? Kwa hiyo ile nusu ya pili ya ukweli, yaani wananchi, marubani, wahasibu, wabunge, ilikaa nje ya mlango.

Uchunguzi ulifanyika Uingereza, si hapa. Desemba 2010 kampuni ikakiri kosa mbele ya mahakama ya London. Mnajua kosa gani? Kutotunza kumbukumbu za hesabu ipasavyo. Basi! Kulikuwa na malipo ya zaidi ya dola milioni 12 kwa mshauri wa masoko, na kwenye vitabu yaliandikwa kuwa ni huduma za kiufundi. Mahakama ikatoza faini ya pauni 500,000, na kampuni ikatulipa sisi pauni milioni 29.5, zikanunua vitabu na madawati ya shule za msingi. Tulitoa 28, tukarudishiwa 29.5. Mimi sijawahi kuona duka ambalo chenji inazidi bei. Dawati la chenji ya rada nimewahi kulikalia, kwenye mkutano wa wazazi. Ni dawati zuri.

Nataka mlishike hilo neno, huduma za kiufundi. Mlifananishe na neno mnalolijua ninyi. Fungueni taarifa yoyote ya kijiji, mstari wa mwisho kabla ya jumla. Unasemaje?

(Hapa ukumbi mzima ulijibu kwa pamoja: "Matumizi mengineyo!")

Matumizi mengineyo! Nimeona taarifa ya kijiji kimoja, mapato ya robo mwaka shilingi 4,300,000, matumizi mengineyo shilingi 1,870,000. Kila kitu kingine kimeandikwa mpaka bei ya kalamu. Lakini kile kinachokaribia nusu ya mapato kinaitwa mengineyo. Huduma za kiufundi za London na matumizi mengineyo ya kijijini ni mtu na mdogo wake.

Majirani zetu Kenya nao wana kidonda chao, Anglo Leasing. Mikataba ya usalama, hati za kusafiria na mengineyo kama hayo, na kampuni ambazo watu walipozitafuta ziligeuka kuwa majina tu. Ilianza kufichuka mwaka 2004. Mwaka 2014, miaka 10 baadaye, serikali ya Kenya ikalipa takriban shilingi bilioni 1.4 za kwao, kwa sababu hukumu za mahakama za nje ziliwakwamisha kwenda kukopa kwenye soko la dunia. Kitu kilichofunikwa kwa neno usalama kiligeuka deni la mtoto ambaye hakuwa amezaliwa.

Kwa hiyo, mwenyekiti uliyeniuliza: siri zipo. Jina la mgonjwa zahanati ni siri. Mahali askari walipolala ni siri. Lakini bei haiwi siri. Idadi ya mifuko haiwi siri. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa mwananchi haki ya kuomba, na ofisi ina siku 30 za kujibu. Kenya wamejipa 21. Ninyi ni kijiji, mnahitaji siku 30 za nini? Faili liko kwenye kabati nyuma ya mgongo wako.

Nimebakiza jambo moja, gumu kuliko yote. Na hapa sina majibu mazuri.

Mlitaka kujua yule mama lishe iliishaje. Mkuu wa shule aliandika barua, kamati ikaitwa, maneno yakawa mengi. Shilingi 1,200,000 zikarudi kwenye akaunti ya shule. Zilizobaki, 360,000, nilipostaafu zilikuwa bado hoja isiyofungwa. Aliyeandaa ile orodha alihamishiwa kituo kingine. Hakushtakiwa. Na yule mama? Msimu uliofuata pakajengwa vyoo matundu manane palepale shuleni. Hakuitwa kupika. Hakuna barua, hakuna aliyemfokea. Aliitwa mwingine tu. Nilipita kwake nikamkuta anauza vitumbua barabarani, nikamwambia pole. Akanijibu, "Mzee, wamejifunza. Safari hii hawakubandika."

Hamchekei tena, naona.

Tuna Sheria ya Kulinda Watoa Taarifa na Mashahidi, ya mwaka 2015. Ipo. Lakini hivi kuna mtu kwenye mkutano wowote wa kijiji aliyewahi kusimama akasema mama lishe naye analindwa na sheria hii? Tunapozungumza juu ya mtoa taarifa tunamfikiria mtu mwenye tai, mwenye faili la siri. Anayejua mambo ni mlinzi, dereva wa tipa, kibarua, mpishi. Na kumwadhibu mtu wa namna hiyo ni rahisi kabisa, unaacha tu kumwita.

Na si mama lishe peke yake. Mwaka 2018 mwishoni, Mkaguzi Mkuu wakati ule, Profesa Mussa Assad, akihojiwa na redio ya Umoja wa Mataifa kule New York, alisema kwamba taarifa zake kutofanyiwa kazi ni udhaifu wa Bunge. Neno hilo, udhaifu! Sisi wakaguzi tunalitumia kila siku, udhaifu wa udhibiti wa ndani, udhaifu wa mfumo, hata kwenye barua kwa mkurugenzi unayekula naye chakula cha mchana. Spika akamwita mbele ya Kamati ya Maadili. Aprili 2019 Bunge likaazimia halitafanya naye kazi. Novemba mwaka huo akaingia mwingine. Desemba 2022 Mahakama Kuu ikasema kuondolewa kwake hakukufuata Katiba. Mimi sikuja kumtetea mtu wala kumsuta mtu. Naeleza tu niliyoyaona kazini: mwaka ule, katika ofisi nyingi nilizopita, wakaguzi vijana walianza kuandika maeneo yanayohitaji kuboreshwa mahali walipokuwa wakiandika udhaifu. Kalamu zilijifunza bila kufundishwa.

Ndiyo maana nikisikia mtu anasema tubandike tu kila kitu rushwa itakwisha, nanyamaza. Kubandika ni kazi ya gundi. Nani atasoma? Akisoma, atauliza wapi? Akiuliza, kesho ataitwa kupika? Hayo maswali matatu yako mikononi mwenu kuliko mikononi mwa waziri yeyote.

Wenyeviti, sheria inataka mkutano mkuu wa kijiji kila miezi mitatu. Mnaujua mkutano wenyewe. Umepangwa saa nne, unaanza saa nane. Mtendaji anasoma mapato na matumizi akiwa wa mwisho, haraka kama anayefukuzwa, kasma hii, kifungu kile, wingu limetanda, watu wanatazama juu. "Kuna swali?" Kimya. "Tumeridhia?" Watu wananyosha mikono huku wamesimama tayari kuondoka. Muhtasari unaandikwa: wananchi walisomewa na waliridhia. Kusomewa! Kwani ni habari za msiba?

Mimi ningewaomba msome kwanza, mambo mengine yafuate. Na kabla ya siku ya mkutano, wiki mbili nzima, karatasi iwe nje: vitu, bei, idadi, na majina ya waliolipwa. Majina hasa. Saruji ya shilingi milioni mbili hainiambii kitu, lakini mifuko 120 kutoka duka la fulani, ikapokelewa na fulani na fulani, hiyo hata mtoto wa darasa la sita ataikagua. Fundi mmoja aliniambia yeye mfuko mmoja humpa tofali 30. Kwa hiyo ukijua mifuko na ukaziona tofali, umeshakuwa mkaguzi, posho hatukupi. Andikeni kwa Kiswahili cha sokoni, herufi kubwa, na lile neno mengineyo lifutwe. Kama ni chai ya wageni, andika chai ya wageni. Watu wataelewa. Wageni wanakunywa chai.

Na yule atakayesimama kuuliza swali la kukera, mwenyekiti, jibu lako la kwanza kwake litasikika na watu wote waliokuwa wanafikiria kuuliza. Ukimwambia, "Wewe una chuki binafsi," umewajibu mia mbili.

Nimeambiwa chakula kiko tayari, na harufu imeshaanza kunipinga. Nilimwona mama anapita na sufuria, nimemhesabu vilevile na sahani zake. Mko 63, sahani alizobeba ni 60. Watu watatu mjiandae.

Lakini kabla ya kula. Mtendaji wa kata, samahani sana, wewe ni mwenyeji wangu na umenikaribisha vizuri. Ule ubao wa nje, ufunguo unao nani?

(Mtendaji alisema ulikuwa kwa mtangulizi wake, aliyehama. Ukumbi ukacheka. Kijana wa bodaboda, ambaye wakati wote alikuwa amesimama dirishani, akasema ana koleo kwenye pikipiki. Tukatoka wote. Kufuli lilikatika mara ya pili, lilikuwa limeshakula kutu. Tulipofungua kioo, ile karatasi ya robo ya pili ilibaki imeganda kwenye mbao, ikabidi ikwanguliwe kwa kisu.)